Wachonga Vyetezo wa Mlingotini

Shufaa alipoletwa Mlingotini bibi harusi, kazi ya kwanza aliyofundishwa na mama mkwe wake, Bi Mwaija, ilikuwa kufua nguo za wanaume wa nyumba ile. Hazikulowekwa kama nguo za watu wengine. Ukizitia majini vilevile, vumbi lake liligeuka tope linaloteleza, likajificha kwenye mishono, na nguo ikikauka ilisimama yenyewe kama turubai. Kwa hiyo zilikung'utwa kwanza, huko nyuma ya banda la kuku. Bi Mwaija alijiziba pua kwa ncha ya kanga, akalishika shati mabegani, akalipiga hewani, na kila alipolipiga lilitoa wingu jeupe kama unga wa muhogo.

"Ndiyo jiwe hilo," alimwambia. "Utalizoea. Utalikuta mpaka kwenye wali."

Na kweli alilizoea. Nyumba ya Mzee Muharami, baba mkwe wake, ilikuwa nyumba ya wachonga vyetezo. Mzee alifundishwa na baba yake, Muhidini, na Muhidini alifundishwa na baba yake, Amiri, ambaye jina lake ndilo alilorithi mume wa Shufaa. Walichonga jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kijivu lenye ukijani kwa mbali, ambalo ukilipapasa kidole kinateleza kana kwamba kimepakwa mafuta. Lililetwa kwa lori kutoka bara, mbali kupita Fukayosi, likamwagwa uani chini ya mabati. Humo walitoa vyetezo vya kufukizia udi, vikubwa vya maulidi na vidogo vya chumbani kwa mwari. Chetezo cha udongo makaa yakizidi hupasuka. Cha kina Muharami kilitiwa makaa asubuhi, na adhuhuri ukikigusa bado kilikuunguza. Bagamoyo yote ilivijua, Unguja walivitaka, na siku hizi hata hoteli za pwani ziliviweka mapokezi kwa ajili ya wageni.

Wenyewe walipokufa walichongewa mashahidi kwa jiwe lilelile, yale mawe mawili yanayosimamishwa kichwani na miguuni mwa kaburi. Ukifika makaburini huhitaji kuuliza kina Muharami wamelala wapi. Wengi wa waliolala pale ni wanaume, na wengi hawakufika uzee.

"Kifua," watu walisema. "Wana kifua cha ukoo."

Wengine walisema jiwe lina mwenyewe kule bara, na mwenyewe huja kudai chake. Shufaa aliyasikia hayo bombani katika mwaka wake wa kwanza, akarudi nayo kwa mumewe. Amiri alicheka mpaka akaweka patasi chini.

"Na kwenu Saadani watu wanakufa kwa nini? Kwa kucheka?"

Alikuwa mtu wa namna hiyo, mwepesi wa mzaha, na mkono wake ulikuwa mwepesi vilevile. Jiwe aliligeuzageuza kwanza, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza, kisha ndipo akaanza. Mzee Muharami hakuwa mtu wa kusifu, lakini chetezo cha Amiri kikimalizika alikichukua, akakizungusha mkononi, akakirudisha kimya, na wote walielewa kwamba amekikubali.

Hoteli zilipoongeza mahitaji, Amiri alinunua grenda. Kilichokuwa kikichukua kutwa nzima kwa msumeno sasa kilikatwa kabla chai haijapoa. Mdogo wake, Ashrafu, alipomaliza kidato cha nne aliingia naye bandani, na kuanzia hapo makelele ya grenda yakawa ndiyo sauti ya nyumba ile. Vumbi nalo likawa jingine. Zamani lilikaa miguuni mwa mchongaji. Sasa lilipanda juu ya mabati, likatua kwenye majani ya mpapai, kwenye mitungi, kwenye kope za watu. Mina, mtoto wa Shufaa, alichora kwa kidole juu ya meza kila aliporudi shule.

Mzee Muharami hakuishika grenda hata siku moja. "Mkono wangu umezoea patasi," alisema. Alifanya kazi yake ya kumalizia, kusugua kwa msasa na maji, akiwa ameketi pembeni. Kiti chake kilitolewa na Shufaa kila asubuhi. Kiliwekwa upande upepo unakotokea. Kaskazi ikiisha na kusi ikianza, mzee mwenyewe alisema, "Nihamishie kule, mwanangu," na Shufaa alimhamishia. Aliona ni heshima ya mtu mzima, asipigwe na vumbi usoni.

Amiri alianza kukohoa mwaka ambao Mina aliingia darasa la tatu. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha asubuhi tu mwanzoni, baadaye cha kutwa. Akapungua. Mkanda ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Ikafika siku akielekea msikitini kuswali alasiri anasimama katikati ya njia, anashika ukuta wa nyumba ya watu, anajifanya anatoa mchanga kwenye kiatu. Alipewa dawa za kifua kikuu, akazimeza zote mpaka dozi ikaisha, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kitu. Hakupata nafuu. Ndipo walipoelekezwa hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam.

Walikwenda watatu, Amiri, Shufaa na Mzee Muharami, kwa gari la jirani. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliiweka picha ya kifua kwenye kioo cha kompyuta, akakaa nayo kitambo.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Nachonga mawe."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa shule."

"Unapokata unajiziba?"

"Nafunga kitambaa," alisema Amiri. "Nikikumbuka."

Daktari aliwageuzia kioo. Aliwaonyesha madoa meupe yaliyotapakaa kwenye mapafu, akaeleza polepole, akihakikisha wanamfuata. Si kifua kikuu, alisema. Si ugonjwa wa kuzaliwa nao. Ni vumbi la jiwe. Linaingia laini kuliko unga na halitoki tena, na pafu linalizungushia kovu, na penye kovu hapapiti pumzi. Hakuna dawa ya kuliondoa. Kuna ya kumsaidia apumue vizuri kidogo, na kuna kuacha kazi hiyo leo hii.

Amiri alikuwa anaangalia picha kama anavyoangalia jiwe lenye ufa. Shufaa alishika pochi yake kwa mikono miwili. Hapo Mzee Muharami, ambaye tangu waingie hakuwa amefungua mdomo, akainama mbele kidogo.

"Yameshaungana?" akauliza.

Daktari akamtazama. "Nini, mzee?"

"Makovu. Yameshaungana, au bado yako mojamoja?"

"Yameungana huku juu, pande zote mbili." Daktari alisita. "Nani alikueleza habari ya makovu kuungana?"

"Nimeuliza tu," alisema mzee, akarudi nyuma kwenye kiti.

Amiri alipelekwa chumba kingine kupimwa nguvu ya pumzi. Shufaa na baba mkwe wake walikaa kwenye benchi la nje, kwenye kivuli cha ukuta. Watu walipita na bahasha zao za picha. Shufaa alijaribu kuliacha lile swali lipite, akashindwa.

"Baba."

"Naam."

"Habari hii uliijua."

Mzee alikuwa na tasbihi mkononi. Aliacha kuivuta.

"Niliambiwa," alisema. "Nilikuja kupimwa mwaka ule niliotema damu. Wewe hujaja kwetu bado."

"Ukaambiwa nini?"

"Hayohayo aliyosema binti huyu. Na nikaambiwa watoto nisiwatie."

"Amiri alikuwa ameshaanza kazi?"

"Alikuwa anasoma."

"Alikuwa hajaanza."

"Alikuwa hajaanza," alikubali mzee.

Shufaa akakumbuka upepo. Aliona kiti, jinsi alivyokibeba yeye mwenyewe kila asubuhi kutoka barazani mpaka pale pembeni, na mumewe na shemeji yake ng'ambo wamegeuka weupe kama watu waliotolewa shimoni.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema, wangeacha."

Alilisema hilo kana kwamba linatosha. Alipoona Shufaa bado anamtazama, akaongeza, bila kupandisha sauti, "Baba yangu amekufa kwa jiwe hili. Babu yangu hali kadhalika. Na mimi linanila, taratibu kwa sababu nililijua. Wanangu wangeacha, sisi wote tungekuwa tumekufa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya hoteli zinunue vyetezo vya plastiki?"

"Kwa hiyo ukamtia Amiri."

"Nilimfundisha mwanangu kazi ya kwao."

"Basi umwambie mwenyewe," alisema Shufaa. Aliishusha sauti, hakutaka watu wageuke. "Umwambie leo, tukifika. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Siku hiyo mzee hakumwambia. Walipofika alikwenda moja kwa moja msikitini na alirudi akalala. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu, Mina akiwa shule, Shufaa alimtandikia mumewe mkeka upande wa nyuma, akampa uji, akasubiri aumalize, akamwambia yote, pamoja na habari ya kiti.

Amiri alichukua bakuli la uji, akaligeuza mkononi, akaliweka.

"Alisema nilikuwa nasoma?"

"Ndivyo alivyosema."

"Nilikuwa nataka kuwa fundi wa magari, unajua hilo? Nilimwambia. Akasema sawa, lakini likizo hii kaa na mimi bandani kwanza." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Kilipotulia, alifuta macho. "Na mimi nikalipenda jiwe, Mama Mina. Hilo ndilo baya lake. Nililipenda kweli."

"Utamwambia nini?"

"Baba? Sina la kumwambia baba. Na wewe usimseme mbele za watu." Alishika mkono wake. "Mwite Ashrafu. Sasa hivi. Mwambie azime hicho kitu."

Grenda ilikuwa inalia bandani. Shufaa alikwenda akasimama mbele ya Ashrafu mpaka alipoizima, akavua miwani yake ya jua aliyojikingia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwenye kucha zilizojaa weupe, na aliposikiliza hakumkatiza shemeji yake hata mara moja. Shufaa alipomaliza, Ashrafu alimwendea baba yake, aliyekuwa kitini pake na msasa mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Anayosema shemeji ni kweli?"

Mzee Muharami angeweza kukana. Pengine hapo ndipo ingekuwa rahisi zaidi kukana. "Ni kweli," alisema.

Ashrafu alichomoa waya wa grenda ukutani, akauzungusha vizuri kwenye mashine, akaiweka miguuni mwa baba yake. Alioga, akavaa shati safi, akaondoka. Jioni walisikia amepata kibarua kwenye mashamba ya chumvi, na kwamba analala hukohuko na wenzake.

Bi Mwaija alikuwa jikoni wakati wote huo, na jiko lile lilitenganishwa na banda kwa makuti tu. Hakuuliza kitu wala hakulia. Alimaliza kukuna nazi yake. Kisha aliingia chumbani alimolala na mumewe maisha yake yote ya ndoa, akakunja godoro lake dogo, akalihamishia chumba cha Mina. Chakula cha mzee alimpikia na alimwekea mezani kama kawaida. Ila kuzungumza naye aliacha. Mzee akisema, alimsikiliza. Kumjibu, hapana.

Amiri alidumu mpaka mvua za vuli. Miezi ya mwisho hakuweza kulala chali. Aliketi kitandani ameegemea mito, na Shufaa nyuma yake, na kila pumzi aliitafuta kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka gizani. Hakupiga tena mzaha, isipokuwa siku moja alipomsikia jogoo wa jirani akiwika kwa sauti ya kukwama, akamnyooshea kidole na kujionyesha mwenyewe. Mina alicheka. Shufaa alitoka nje.

Ijumaa moja baada ya sala alitaka waitwe wote. Ashrafu aliletwa kutoka chumvini na nyufa nyekundu miguuni. Bi Mwaija aliketi ukingoni mwa kitanda. Mzee Muharami alipewa kiti, akakaa karibu na kichwa cha mwanawe.

"Baba," alisema Amiri. Alisema neno, akapumzika, akasema jingine. "Nakuomba radhi. Nilipokukosea. Nisamehe."

"Nimekuwia radhi, mwanangu," alisema mzee. "Radhi ya dunia na ya akhera."

Amiri alimwomba radhi mama yake, naye akamwambia hana deni naye. Akamwomba Ashrafu. Akamgeukia Shufaa, na yeye na Shufaa wakasemeshana kwa macho maana pumzi ilikuwa imekwisha. Ikabaki zamu ya mzee kuomba. Watu wote wa chumba kile walijua ni zamu yake. Hata Mina alimwangalia babu yake. Amiri alikuwa amemwelekezea uso, na alisubiri. Mzee Muharami alifungua mdomo. Akaufunga. Akanyoosha mkono, akaitengeneza vizuri shuka ya mwanawe begani, akasema, "Upumzike sasa." Akainuka akatoka.

Amiri alifariki keshoye, kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri.

Shufaa akaingia eda. Alikaa chumbani na nguo zake nyeupe, akisoma, akiletewa chakula na mama mkwe wake, na majirani wakija kumpa pole na kuondoka. Dirisha la chumba kile lilitazama banda. Waliporudi kwenye kimya cha kawaida, baada ya watu wa matanga kutawanyika, asubuhi moja alisikia patasi.

Ilikuwa patasi ya mkono, nyundo ndogo juu yake, pigo kwa pigo. Alisogeza pazia. Mzee Muharami alikuwa amejiburuzia jiwe kubwa katikati ya banda, amepiga magoti mbele yake. Shufaa hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani. Lilikuwa shahidi la kaburi. Alikuwa anamchongea Amiri.

Alimtuma Mina. "Mwambie babu, mama anaomba aache."

Mina alirudi. "Babu anasema kila mtu wa kwetu analo. Anasema hawezi kumwacha baba bila jiwe."

Patasi iliendelea. Iliendelea siku ile na iliyofuata. Shufaa alifunga dirisha, chumba kikawa tanuri. Alifungua, vumbi likaja, si jingi kama la grenda, lakini aliliona kwenye mwanga likielea, likatua kwenye msahafu aliouacha wazi. Hakuweza kutoka akamwendee mwenyewe. Alikuwa amefungwa na eda. Alikaa kitandani na mikono masikioni. Bi Mwaija alipoleta chai alimkuta hivyo.

Alitua sinia chini. Alisimama kidogo akilisikiliza lile pigo, kisha akatoka.

Shufaa alimwona kutoka dirishani. Mwanamke yule, mgongo umeshaanza kupinda, alikwenda moja kwa moja bandani, akaifungua kanga yake usoni, akaketi chini mbele ya jiwe, karibu kabisa, pale ambapo kila pigo lilimrushia unga kifuani.

"Mwaija, ondoka hapo," alisema mzee. "Vumbi hilo."

Ndipo alipomjibu, kwa mara ya kwanza tangu ahamishe godoro.

"Leo limekuwa vumbi?"

"Nakuambia ondoka."

"Nimelikung'uta nguoni mwako toka sijatoka mvi. Hukuniambia niondoke. Wanangu wamelila hapa mbele ya macho yako, hukuwaambia waondoke. Chonga, Muharami. Mchongee mwanao. Mimi nakaa hapa, navuta."

Mzee alishika nyundo. Alipiga. Unga ukaruka, Bi Mwaija hakugeuza uso. Akapiga tena, na tena, kwa hasira sasa, bila kuangalia anapopiga. Bi Mwaija alivuta pumzi kwa kinywa wazi, akakohoa, akavuta tena. Weupe ulimjaa kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shingo. Alikohoa mpaka akashika chini kwa mkono, na alipotulia akaketi wima palepale, akimngoja.

Mkono wa mzee ulisimama hewani. Aliiweka nyundo juu ya jiwe, akaiweka patasi pembeni yake, akakaa kitako mavumbini, akafunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanaruka, na kilio chake kilitoka vibaya, kimechanganyika na kikohozi. Bi Mwaija hakumgusa. Alikaa naye hapo mpaka kilipokwisha, akainuka kwa shida, akajikung'uta, akaenda kuteka maji ya kuoga.

Mzee Muharami hakuchonga tena. Wenye maduka walipokuja kuulizia vyetezo waliambiwa havipo. Kaburi la Amiri liliwekwa mawe ya matumbawe, mawili, aliyoyaokota Ashrafu ufukweni na kuyabeba mwenyewe. Ashrafu naye alikwenda kupimwa, shemeji yake alimshurutisha. Madoa yalikuwemo, machache. Aliambiwa huenda yakabaki machache.

Eda ilipokwisha, Shufaa alioga, akavaa nguo za rangi, akafunga mizigo yake na ya Mina. Alikuwa anarudi kwao Saadani. Alimwomba Bi Mwaija waende wote, akakataa. "Nani atampikia?" alisema. "Sitaki aseme kwa Mungu kwamba nilimwua kwa njaa."

Asubuhi ya safari mzee alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda, na kanzu ilimlegea.

"Shikamoo baba," alisema Shufaa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Alijua anamwumiza kwa kuuliza. Aliuliza hivyohivyo.

"Ya Amiri," alisema mzee.

Shufaa alikaa juu ya sanduku. Alikuwa amejiandalia maneno kwa siku hii, maneno makali, na sasa alipoyatafuta aliyaona hayana kazi. "Ya Amiri alikuwa nayo Amiri, baba. Ulikaa naye chumba kimoja. Alikusubiri."

"Nilishindwa."

"Najua. Nilikuwa nakuangalia."

"Nilihisi nikisema neno lile, basi ndiyo nimemwua kweli."

Shufaa alitingisha kichwa, si kwa kukataa. Alimwelewa. Ingekuwa nafuu kwake kutomwelewa. "Yangu mimi, siwezi kukudanganya," alisema. "Nikisema leo nimekuwia radhi, yatakuwa maneno ya mdomoni tu. Mungu akinipa siku moja nikayasema kwa moyo, nitakuja mwenyewe kukuambia."

"Basi," alisema mzee. "Na mtoto?"

"Mina ni mjukuu wako. Muite umuage."

Alimuita. Alimwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu kwa sauti ya chini, na Mina akaitikia amin kila ilipobidi. Gari la Saadani likapiga honi barabarani.

Huko kwao Shufaa aliingia kwenye kazi ya mama yake na dada zake, ya kununua kamba kwa wavuvi na kuwaanika. Mikono ilinuka, mgongo uliuma, na alilala usingizi. Mina alianza shule mpya, akachelewa kupata marafiki, kisha akapata. Bi Mwaija alipiga simu kila Ijumaa. Alieleza habari za kuku, za mvua, za jirani aliyemwoza binti yake. Habari za mzee alizieleza kwa ufupi: amekula, hajala, anakohoa.

Masika ya mwaka uliofuata aliyepiga simu alikuwa Ashrafu, na haikuwa Ijumaa. Shufaa alikuwa kwenye kichanja anageuza kamba, simu akaibana begani.

"Shemeji, mzee ametangulia. Alfajiri hii. Alikuwa anatawadha."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Shufaa. Akauliza mama yuko vipi, akauliza wanazika saa ngapi. Aliporudisha simu kwenye kanga alisimama kidogo, akijipekua moyoni kuona kama lile neno aliloahidi limo. Hakuliona. Aliona uchovu tu, na huruma nyembamba aliyokuwa hakuitegemea.

Mina alitoka ndani na sare zake za shule. Alimwangalia mama yake usoni.

"Nani?"

"Babu yako."

Mtoto alishika nguzo ya kichanja. "Tutakwenda?"

"Tutakwenda," alisema Shufaa. "Kavue sare. Bibi yako yuko peke yake na watu wengi."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa bara. Alikusanya kamba waliokuwa wamekauka, akawafunika waliobaki kwa turubai, akaenda kunawa mikono.